Perege wa Pangani: namna ya kumrekodi toka Nyumba ya Mungu mpaka mlangoni baharini bila picha yako kukwama

Jamani, hii naandika mara moja iishe. Toka tuanze kuhimizana hapa Moshi tupige picha samaki wa asili wa bonde letu na kuwapandisha iNaturalist (ile programu ya kurekodi viumbe kwa picha, watu wengine wanakusaidia kuwapa majina), kila wiki inboksi yangu inajaa swali lilelile, "kaka mbona picha yangu haipati jina", "mbona mtaalamu kanijibu haiwezekani kujua". Nikifungua hiyo picha nakuta samaki kalala kwenye ndoo, mkia umejikunja, kidole gumba cha mvuvi kimefunika pezi, na mahali pameandikwa Moshi mjini. Sasa Moshi mjini nani kavua perege, kwenye mtaro wa stendi?

Na wale waliofika mpaka Pangani kwenye mdomo wa mto ndo wananichosha zaidi, maana wanatumia nauli yote ile, wanarudi na picha ya kaa wa matope wameandika "anapatikana Pangani tu duniani". Huyo kaa yupo toka pwani ya Afrika mpaka Pasifiki huko.

Kwa hiyo soma taratibu, usiruke hatua.

## Kwanza ujue unamtafuta nani

Mto wa Pangani unaanzia kwetu. Kikuletwa inakusanya maji ya Meru na upande huu wa Kilimanjaro, Ruvu inatokea upande wa Ziwa Jipe, zinakutana Nyumba ya Mungu, halafu mto unashuka mpaka Korogwe, Hale, na kumwagika baharini Pangani mjini. Ukitoka juu mpaka chini ni kama kilomita 500.

Samaki wa maji baridi aliyezaliwa humo anaposhuka anakutana na chumvi mlangoni. Hiyo chumvi ndo ukuta. Anaishi ndani ya mto wake kama mtu wa kisiwani, hawezi tu kuamka asubuhi akaogelea baharini akaingia Wami au Rufiji, ndo maana Wami na Rufiji wana perege wao na sisi tuna wetu. Kwa hiyo viumbe wa kipekee kwenye huu mfumo wengi hawakai pale kwenye maji ya chumvichumvi kabisa, wanakaa nyuma ya ukuta, na kazi yako mlangoni ni kujua ukuta umesimama wapi siku hiyo. Mkizi, mwatiko, kamba, kaa, mikoko yenyewe, hao ni watu wa bahari nzima, warekodi kwa moyo wote ila usiwaite wa kwetu pekee.

Wa kwetu ni hawa, kwa majina yao ya kisayansi. Oreochromis jipe, perege wa Jipe na Pangani ya juu (ukikuta maandishi ya zamani yanataja pangani na girigan kama samaki tofauti usichanganyikiwe, siku hizi wengi wanawaweka wote kwenye jina hili moja). Oreochromis hunteri, yeye yuko Ziwa Chala tu, lile shimo la volkano kule Rombo mpakani na Kenya, hatoki nje maana ziwa halina mto wa kutokea. Wote wawili wako kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini sana kutoweka. Halafu yupo Oreochromis korogwe, wa Pangani ya chini na mto Zigi, huyu ndo unaweza kumkuta ukiwa unakaribia mlangoni, ila naye ana ndugu zake kwenye maziwa madogo ya Lindi, kwa hiyo ukimwita wa Pangani pekee unakosea.

Na mgeni mkubwa ni sato, Oreochromis niloticus. Kaletwa na binadamu, anakua haraka, anauzika, na shida yake anazaana na perege wa asili, mnapata watoto ambao hata mtaalamu anakuna kichwa.

## Vifaa

Usinunue vyote kama huendi mlangoni. Ukiishia Nyumba ya Mungu hivyo vya chumvi achana navyo.

- Simu yenye GPS, chaji imejaa, na pawabenki
- Rula ya sentimita 30, ya plastiki nyeupe
- Kipande cha godoro, ukubwa wa daftari kubwa, kilichofunikwa mfuko wa plastiki wa bluu au kijivu
- Pini za kushonea kama ishirini
- Beseni jeupe na kitambaa safi
- Daftari na PENSELI (wino ukilowa umeumia)
- Vikaratasi vya namba
- Refraktomita ya chumvi, ile ya kuchungulia kwa jicho kama darubini, inayosoma 0 mpaka 100
- Chupa ndogo ya maji safi yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled), yale wanayouza kwenye spea za magari kuongezea betri. ANGALIZO, hakikisha ni maji na siyo asidi, chupa zinafanana
- Chupa ya soda ya kioo, jiwe la kilo moja hivi, gunzi la muhindi, kamba mita kumi na uzi mwembamba mita kumi na mbili
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Tanga la mwezi huo
- Buti za mpira

Peni ya kupimia maji, zile za bei rahisi za matangi ya samaki wa mapambo, usinunue kwa kazi hii. Mimi nilifanya hivyo. Nikaisifia njia nzima toka Moshi, kufika Pangani nachovya kwenye maji, namba zikapanda mpaka mwisho wake halafu ikagoma, kwa sababu nyingi zinaishia karibu 10,000 (sehemu za chumvi kwa milioni) na maji ya bahari yako juu ya hapo mara tatu na zaidi. Siku nzima nikawa napiga picha machweo.

## Hatua ya 1: Chagua sehemu moja, usitake mto mzima

Makosa yanaanzia hapa. Mtu anataka wikiendi moja afanye Chala, Nyumba ya Mungu na Pangani, anaishia na picha tatu mbovu na nauli imekwisha.

Kama ni mara yako ya kwanza nenda mwaloni Lang'ata, Nyumba ya Mungu, wilaya ya Mwanga. Unaondoka Moshi alfajiri, unarudi jioni, samaki ni wengi na utajifunza mikono. Ukishaweza ndo upange Pangani, unapanda basi la Tanga, unapita Same, Mombo, Korogwe, Segera, ukifika Tanga unachukua gari la Pangani, na hapo lazima ulale, siyo safari ya kwenda na kurudi.

Sokoni Mbuyuni au Soko la Kati unaweza kwenda kufanya mazoezi ya kutofautisha sato na perege, ila usirekodi. Sababu ni moja tu, hujui katoka wapi. Muuzaji atakwambia Nyumba ya Mungu kwa sababu ndo unachotaka kusikia, kumbe kaja na barafu toka Mwanza au katoka bwawa la mtu kule Arusha.

Umefaulu kama: unaweza kuandika kwa sentensi moja samaki huyu kavuliwa wapi, na nani kakwambia, na ulimuona akishushwa.

## Hatua ya 2: Salamu kwanza, simu baadaye

Mwaloni, na diko kule pwani, vina wenyewe. Kuna viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, uliza yuko nani zamu, jitambulishe, sema unapiga picha samaki waliokwisha kuvuliwa. Kuvua mwenyewe kunataka leseni, na ukitaka kuchukua sampuli kwa utafiti hiyo ni habari nyingine yenye vibali vyake, mwongozo huu hauhusiki.

Halafu usiinue simu kabla hujasalimia. Mimi mara ya kwanza Lang'ata nilimfuata mzee mmoja anatoa nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu. Unataka kilo ngapi?"

"Leo nitanunua mzee, ila kabla hujampara magamba naomba nimpige picha huyo mmoja."

Akacheka mpaka wenzie wakageuka. "Huyu samaki naye anasafiri? Mnampigia ya pasipoti?"

Ila baada ya hapo ndo alinionyesha yeye mwenyewe, akamshika mmoja mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, akasema huyu wa mistari mkiani wa kuja, huyu mwingine tumemkuta. Dakika moja ile imenisaidia kuliko makala zote nilizosoma. Nunua kilo yako, usiwe mtu wa kupiga picha na kuondoka.

Jina la mvuvi usiliweke kwenye picha wala maelezo, andika tu "mvuvi wa hapa".

## Hatua ya 3: Panga na maji (wa mlangoni tu)

Sisi wa milimani hili ndo linatupiga chenga. Ziwa liko palepale asubuhi na jioni, ila mdomo wa mto unabadilika kila saa. Maji yanajaa kwa muda wa kama saa sita, yanapwa kwa muda kama huohuo, na kila siku ratiba inasogea mbele karibu dakika 50. Ukienda saa nne asubuhi Jumamosi na saa nne asubuhi Jumapili ya wiki ijayo umekuta mito miwili tofauti.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanapanda na kushuka sana, mita tatu na zaidi. Katikati ya hapo kuna maji mafu, tofauti ni ndogo. Ukitaka kuona chumvi imepanda mpaka wapi, nenda bamvua na upime karibu na kilele cha kujaa. Ukitaka kuona samaki na kaa kwenye matope, nenda yakipwa.

Chukua mwenye mtumbwi wa pale pale, siyo rafiki yako anayejua kuogelea.

Onyo. Pangani ina mamba, juu na chini, na Nyumba ya Mungu pia, viboko nao wapo, kwa hiyo usichote maji umechuchumaa ukingoni hata kama watoto wa pale wanafanya hivyo. Maji ya juu yana kichocho, usitembee pekupeku. Kwenye mikoko ukiona maji yanaanza kurudi kwenye vijito vidogo vya matope, toka, usisubiri picha moja zaidi, tope linakushika mguu na maji hayakusubiri.

Umefaulu kama: juu ya ukurasa wako umeandika saa ya kujaa, saa ya kupwa, na kama ni bamvua au maji mafu.

## Hatua ya 4: Pima chumvi, JUU NA CHINI

Hapa nakaa kidogo maana ndo watu wengi mnaanguka.

Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Yanapoingia mtoni hayachanganyiki mara moja, yanapita chini kama mtu anayeingiza mkono chini ya zulia, na maji ya mto yanateleza juu yake kwenda baharini. Kwa hiyo ukichota juu kwa kikombe, ukaonja, ukasema "baridi kabisa hapa", inawezekana mita mbili chini ya mtumbwi wako ni bahari, na yule samaki uliyeletewa na nyavu ya chini alikuwa anaishi kwenye maji ambayo wewe hujayapima. Halafu unaandika "maji baridi", mtaalamu anashangaa samaki wa chumvi anafanya nini huko.

Kwanza weka refraktomita sawa. Fungua kifuniko, dondoshea matone mawili matatu ya yale maji ya betri, funga, hakikisha hakuna povu, chungulia ukielekea mwanga. Mstari unaotenganisha bluu na nyeupe ukae kwenye 0. Kama haujakaa, zungusha skrubu ndogo pale juu mpaka ukae. Fanya hivi kila siku kabla ya kuanza, na ukiwa kivulini, chombo kikiwa kimetoka kwenye dashibodi ya gari kimechemka kinadanganya.

Ndani utaona vipimo viwili. Kimoja kinaanza na 1.000, hicho achana nacho. Soma kile cha 0 mpaka 100, hizo ni gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji. Bahari yenyewe ni karibu 35.

Sasa chupa ya kuchotea chini. Funga jiwe kwenye kitako cha chupa ya soda, kamba nene ifunge shingoni, piga fundo kila mita moja ili ujue umeshuka kiasi gani. Gunzi lichonge liingie mdomoni kwa kubana kidogo tu, lifunge ule uzi mwembamba. Shusha kwa kamba, uzi uache legelege. Jiwe likigusa chini inua nusu mita, halafu vuta uzi kwa nguvu mara moja. Gunzi linachomoka, utaona mapovu yanapanda juu ya maji, hapo ndo chupa inajaa. Mapovu yakiisha vuta juu upesi. Kwa kuwa chupa imeshajaa, maji ya juu hayapati nafasi ya kuingia ila kidogo sana.

Gunzi ukilibana sana halitoki, ukililegeza linaingia ndani lenyewe huko chini. Jaribu kwanza kwenye pipa la maji nyumbani, mimi niliwaudhi majirani wiki nzima.

Pima juu, pima chini, andika zote mbili na kina. Usishangae juu ikisoma 4 na chini 20 mahali palepale, hiyo siyo hitilafu, ndo mlango wa mto ulivyo. Suuza kioo kwa maji safi na ufute kwa kitambaa laini kila baada ya kusoma.

Kisha panda mto, pima kila baada ya umbali fulani mpaka chini nako kusome 0 au 1. Hapo ndo ukuta ulipo leo. Mwezi ujao hautakuwa hapo. Mto ukiwa na maji machache, kwa sababu ya kiangazi na pia kwa sababu maji mengi yanaishia juu kwetu kwenye umwagiliaji na kuzuiliwa mabwawani, chumvi inapanda zaidi, na wakulima wa pembeni ya mto kule Pangani wanalijua hilo kwa minazi na mashamba yao, hawahitaji refraktomita.

Umefaulu kama: kwa kila samaki wa mlangoni una namba mbili za chumvi, kina, na saa.

## Hatua ya 5: Mkamate samaki mapema

Rangi ya perege inakimbia. Akiwa anapumua ana vivuli vya kijani, bluu, wekundu kwenye kingo za mapezi, nusu saa juani kawa kama kisahani cha bati. Kwa hiyo omba samaki anaposhuka tu, mweke kwenye beseni la maji ya palepale, kivulini.

Kama yu hai na mvuvi kakubali arudishwe, lowesha mikono kwanza, mikono mikavu inatoa utelezi wake. Na ukimshika jike ukaona anatema vitu vidogo vya manjano mdomoni, hayo ni mayai, jike wa jamii hii anayalelea kinywani. Acha kila kitu, mrudishe majini na mayai yake, picha utapata kwa mwingine.

Usihamishe samaki hai kwenda maji mengine. Hata kama unaona unamwokoa. Sato kafika kila mahali kwa nia njema kama hiyo.

## Hatua ya 6: Picha nne, siyo moja

Mkia ndo kila kitu, na mkia uliokunjwa hausomeki. Ndo maana ya godoro na pini.

Samaki aliyekufa mlaze kwenye godoro, kichwa kushoto, daima kushoto ili picha zilinganishwe. Mfute utelezi kwa kitambaa kilicholowa, siyo kikavu. Lifungue pezi la mgongoni kwa kidole ukianzia nyuma, maana miiba yake inachoma kweli, weka pini moja nyuma ya mwiba wa kwanza, nyingine katikati. Mkia ufungue kama feni, pini juu, pini chini. Pini zishike kwenye godoro, zisitoboe pezi. Rula iwe chini ya tumbo, kikaratasi cha namba pembeni.

Aliye hai hapigwi pini, mshike ndani ya beseni au kwenye kitambaa kilicholowa, mwenzako afungue mkia kwa vidole viwili, sekunde chache tu.

1. Ubavu mzima, simu ikiwa juu yake wima, siyo kwa kuinamia. Ukiinamia kichwa kinakuwa kikubwa, mwili unafupika, na umbo ni moja ya vitu wanavyoangalia.
2. Mkia peke yake, karibu, umefunguka. Sato ana mistari ya wima iliyopangika toka mwanzo wa mkia mpaka mwisho, kama mkeka. Wa asili hana mpangilio huo. Sato mdogo mistari yake inaweza kuwa hafifu, kwa hiyo usimkimbilie.
3. Pezi la mgongoni, lote, mpaka ncha ya nyuma. Hesabu miiba uiandike, usiiache kwenye picha tu.
4. Kichwa na mdomo, toka ubavuni.

Flashi izime. Magamba yanarudisha mwanga kama kioo, unapata doa jeupe mahali ulipotaka rangi. Kivuli cha mti au cha mwenzako kinatosha, ila kivuli kizima, siyo nusu jua nusu kivuli.

Ukiona doa jeusi la mviringo kwenye pezi la mgongoni na nusu ya chini ya mkia ina rangi tofauti na ya juu, wekundu au manjano, hapo fikiria Coptodon rendalli, mgeni mwingine. Ila doa peke yake lisikupeleke huko, watoto wa perege wengi wanalo na linafutika wakikua.

Pima urefu toka ncha ya mdomo mpaka mkia unapoanza, siyo mpaka unapoishia, maana ncha za mkia hukatika.

Umefaulu kama: mtu asiyekuwepo anaweza kuhesabu miiba na kuona kila mstari wa mkia bila kukuza picha mpaka ipasuke.

## Hatua ya 7: Daftari, palepale

Namba ya samaki, tarehe, saa, mahali, aina ya nyavu au ndoano, kina, chumvi juu na chini, urefu, na rangi kwa maneno yako. Andika "bluu kama sare ya shule", "wekundu wa kutu kwenye ncha", maneno kama hayo yana msaada kuliko "rangi nzuri". Ukisema utaandika kwenye basi, utalala Mombo uamke Same.

## Hatua ya 8: Kupandisha

Hili ndo kosa namba moja la watu wa Moshi na Arusha, wallahi. Unapiga picha kwa simu ya rafiki, anakutumia WhatsApp, unapandisha. WhatsApp inapunguza ubora na inafuta taarifa za mahali na saa zilizokuwa ndani ya picha, kwa hiyo programu haijui samaki alikuwa wapi, na ukijaza mahali kwa haraka unaweza kuishia kuweka pale ulipo wewe sasa hivi, kwenye kochi lako Majengo. Tuma kama faili kamili, au kwa barua pepe, au pandisha moja kwa moja toka simu iliyopiga.

Picha zote nne za samaki mmoja zinaingia kwenye rekodi MOJA. Siyo rekodi nne. Na samaki wawili siyo rekodi moja hata kama wamelala sahani moja.

Mahali weka pale nyavu ilipokuwa kadiri ulivyoambiwa, na lile duara la kwenye ramani linaloonyesha kiasi cha kutokuwa na uhakika lipanue lifike ukweli. Mvuvi kasema "upande ule karibu na matete", duara la kilomita mbili halina aibu, duara la mita tano ni uongo. Kwa spishi zilizo hatarini programu huwa yenyewe inaficha sehemu kamili kwa umma, ukiona alama imeruka usije kuniambia imeharibika.

Wa kwenye bwawa la kufugia weka alama kwamba amefugwa. Namba za chumvi na miiba ziingize kwenye maelezo.

## Hatua ya 9: Jina, usijilazimishe

Kama huna uhakika andika Oreochromis uishie hapo. Siyo kushindwa. Rekodi iliyoishia kwenye ukoo ikiwa na picha nne safi inapata mtu wa kuimalizia, ila iliyoandikwa "jipe" kwa kubahatisha inapoteza watu, na ile kompyuta ya programu inapenda sana kupendekeza sato kwa sababu ndo kamwona mara nyingi duniani, usiikubalie kwa kidole tu, rudi uangalie mkia.

Ukiona mistari ya mkia imekatikakatika, nusu ipo nusu haipo, andika kwenye maelezo "huenda chotara" na utoe sababu. Hao nao tunawahitaji, labda kuliko wote, maana wanaonyesha sato kafika wapi.

Rekodi inapanda daraja wakishakubaliana watu zaidi ya theluthi mbili, wasiopungua wawili. Inaweza kuchukua siku, inaweza miezi, samaki hawana mashabiki kama ndege. Usiombe washkaji zako wakubonyezee kukubali bila kuangalia, wanagundua, na wakigundua kazi yenu yote inatiliwa shaka.

Mkikwama nitumieni linki ya rekodi, siyo skrinshoti. Mwezi ukiandama tunaenda Pangani watu sita, nafasi zimebaki mbili, nauli kila mtu na yake, magunzi nitabeba mimi.